Moshi hauishi, unahama: historia fupi ya kuchoma mabua

Wiki hii naleta historia ya kitu ambacho wengi wetu hatukihesabu hata kama kitu: mabua. Nataka kusema yale mashina na majani makavu yanayobaki shambani kisha kuvuna mpunga ao ngano. Ku fakilte tunajifunza mbegu, mbolea, magonjwa, mavuno kwa hekta. Mabua yanapata mstari mmoja mwisho wa somo, chini ya kichwa "mabaki". Halafu tunaenda ku tereni na kukuta yale mabaki si madogo: kwa mpunga, kila tani ya nafaka inakuja na karibu tani moja ya mabua, mara nyingine zaidi.

Kila mara tukiongea juu ya kuni na makala, kuna mtu atasema: "Tuchome mabua, ni moto wa bure, msitu utapumua." Mwingine atajibu: "Hapana, mabua ni moshi mtupu, yanaua watu." Wote wawili wako na ushahidi. Kuna nchi ambayo mabua yanapasha joto nyumba za miji na huoni moshi. Kuna nchi ingine ambayo mabua ya namna ile ile yanafunga shule za mji mkuu. Sasa tofauti iko wapi? Nimesoma historia ya fasi tatu, China, India na Denmark, na jibu ninaloliona ni hili: moshi wa mabua hauishi wenyewe, unahama tu. Ukiutoa jikoni unaenda shambani, ukiutoa shambani unatafuta bomba la kiwanda. Unapungua kweli pale tu ambapo mtu analipwa ili mabua yakauke, yahifadhiwe, na yachomwe katika moto mkali wenye hewa ya kutosha. Pasipo malipo hayo, sheria na mashine zinausukuma tu kwa jirani.

Tuanze na moto wenyewe

Mabua si kuni mbaya kwa nguvu. Kilo 1 ya mabua makavu iko na nguvu karibu sawa na theluthi moja ya kilo 1 ya mafuta ya petroli. Kwa hiyo kilo 3 za mabua zinaweza kufanya kazi ya kilo 1 ya mafuta. Shida ya kwanza ni ukubwa wake. Tani moja ya mabua ambayo hayakubanwa inajaza zaidi ya mita za ujazo 15, wakati tani ya mafuta inaingia ndani ya mita moja na kidogo. Ukisafirisha mabua bila kuyabana, kwa kweli unasafirisha hewa.

Shida ya pili iko ndani ya moto. Ukitia mabua katika moto, maji yanatoka kwanza. Halafu, joto likipita nyuzi 250 ao 300, sehemu kubwa ya mabua, karibu robo tatu ya uzito wake mkavu, inageuka kuwa gesi. Kinachobaki ndicho kama makala, na majivu. Zile gesi ndizo mafuta yenyewe. Zikikutana na hewa katika fasi yenye joto kali, zinawaka na kutoa joto. Zikikosa hewa, ao zikipanda juu ya sufuria ya baridi, haziwaki. Zinatoka kama moshi: chembe ndogo sana zinazoingia mpaka ndani ya mapafu, monoksidi ya kaboni, na kemikali ambazo nyingine zinaleta kansa. Mabua yanatoa gesi hizo kwa haraka sana kuliko kuni, juu ni membamba. Dakika chache moto ni mkubwa kupita kiasi, dakika inayofuata umezimika.

Kumbukeni hilo: moshi ni mafuta ambayo hayakuwaka. Mama anayelia machozi mbele ya jiko anapoteza afya yake na joto lake kwa pamoja.

Watu wa zamani walijua hili bila maabara. Mwaka 1874, wakulima Wamenoni waliotoka kusini mwa dola ya Urusi walifika Kansas, Marekani, katika nyanda zisizo na miti. Walikuja na desturi ya majiko makubwa ya matofali. Walitia ndani mabua na nyasi kavu, moto unawaka kwa nguvu muda mfupi, halafu tofali zinabaki na joto kwa saa nyingi. Hawakujaribu kulazimisha mabua yawake polepole kama gogo. Waliacha yawake haraka namna yanavyotaka, wakahifadhi joto. Katika nyanda za namna hiyo, injini za mvuke za kupurua ngano nazo zilitengenezewa matanuru ya kula mabua, sababu makaa ya mawe yalikuwa mbali na bei yake juu.

Kituo cha kwanza: jikoni

Asia haikuwa na nafasi ya kuchagua. Katika vijiji vingi vya China na India, miti ilikuwa imekwisha zamani, na mabua, pamoja na mavi ya ng'ombe, ndiyo yalipika chakula. Huko mabua hayakuwa uchafu hata kidogo. Yalikuwa mali. Watoto waliokota mpaka la mwisho.

Bei ya moto huo ililipwa na wanawake na watoto wadogo. Mwanzo wa miaka ya 1980, mtafiti Mmarekani Kirk Smith na wenzake Wahindi walifanya jambo rahisi ambalo karibu hakuna mtu alikuwa amelifanya mbele: waliwavalisha wanawake wa vijiji vya Gujarat vyombo vidogo vya kupima hewa wakati wa kupika. Mpaka pale, watu wakisema "uchafuzi wa hewa" walifikiria mabomba ya viwanda na magari. Vipimo vya Gujarat vilionyesha kwamba hewa ya jikoni la kijiji inaweza kuwa chafu kupita hewa ya mji wa viwanda. Leo Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa nyumbani uliua watu milioni 3.2 katika mwaka 2020. Mabua ni sehemu moja tu ya hesabu hiyo, pamoja na kuni, mavi, makala na petroli ya taa, lakini katika ngazi ya nishati za nyumbani mabua na mavi ndiyo yako chini kabisa. Familia inayapanda ngazi ikipata kuni, halafu makala, halafu gesi.

China ilijaribu kurekebisha jiko. Kuanzia mwaka 1982 serikali ilianzisha mpango wa taifa wa majiko bora, na ndani ya miaka kama kumi zaidi ya majiko milioni 100 yalijengwa vijijini. Ni mojawapo ya mipango mikubwa ya namna hiyo katika historia. Jiko lilikuwa na bomba la kutoa moshi nje na nafasi nzuri ya hewa. Familia zilipunguza mzigo wa mabua, na jikoni hewa ilikuwa afadhali. Lakini soma vizuri: bomba linatoa moshi *nje*. Hapo ndipo safari ya moshi inaanza.

Kituo cha pili: shambani

Miaka ya 1990 vijiji vingi vya China vilipata pesa kidogo. Watu walinunua makaa ya mawe, halafu chupa za gesi. Mbolea ya dukani ilipatikana, kwa hiyo mabua hayakuhitajika tena kwa samadi. Vijana walienda mijini kutafuta kazi, mikono ya kuyakusanya ikapungua. Kwa kizazi kimoja tu, kitu ambacho watoto walikuwa wanakiokota mpaka la mwisho kikawa takataka inayozuia kulima. Njia rahisi ya kukiondoa ilikuwa kiberiti. Moshi ulifunika barabara na viwanja vya ndege. Mwaka 1999 serikali ilitoa kanuni ya kukataza kuchoma mabua karibu na viwanja vya ndege, barabara kubwa na reli. Angalieni vizuri kilichotajwa mbele: ndege na magari. Jikoni, moshi ulikuwa umekaa miaka mamia bila kanuni hata moja.

India inatufundisha zaidi, juu kule kila hatua ilikuwa na sababu nzuri.

Jimbo la Punjab halikuwa nchi ya mpunga. Mwaka 1960 mpunga ulichukua chini ya hekta 300,000. Watu walikula ngano, na kulikuwa na mahindi, dengu, pamba. Halafu ikaja Mapinduzi ya Kijani: mbegu fupi za ngano zilizotokana na kazi ya Norman Borlaug, halafu mpunga wa IR8 kutoka taasisi ya utafiti ya Ufilipino mwaka 1966. India ilikuwa inaogopa njaa. Serikali iliahidi kununua ngano na mpunga kwa bei ya chini iliyohakikishwa, na mwaka 1997 jimbo likawapa wakulima umeme wa bure wa kuvuta maji. Nani angekataa? Hekta za mpunga zilipanda mpaka karibu milioni 3. Nchi iliyokuwa inaomba chakula ikajitosheleza. Tusiidharau kazi hiyo.

Lakini mpunga ule uliacha mabua, karibu tani milioni 20 kila mwaka katika jimbo moja. Na mabua ya mpunga si kama ya ngano. Yako na silika nyingi, kilo 40 mpaka 70 za silikoni katika tani moja. Ng'ombe wa Punjab walizoea mabua laini ya ngano. Ya mpunga mkulima hakuona faida ya kuyalisha. Halafu zikaja mashine za kuvuna na kupura kwa pamoja. Zilimsaidia mkulima sana, sababu vibarua walikuwa haba na bei yao inapanda. Tofauti na mkono wenye mundu, mashine inakata juu. Inaacha visiki vimesimama na kutapanya mabua mengine chini kama mkeka mzito. Mashine ya kupanda ngano inakwama ndani yake.

Sasa ongeza maji. Wakulima walikuwa wanapandikiza mpunga mapema, wengine mwezi wa tano, wakati jua ni kali na maji yanapotea sana. Visima vilikuwa vinashuka kila mwaka. Mwaka 2009 jimbo lilipitisha sheria ya kulinda maji ya chini ya ardhi: hakuna kupandikiza mpunga mbele ya tarehe 10 mwezi wa sita. Kwa maji, ilikuwa sheria ya akili. Kwa hewa, ilisukuma mavuno mpaka mwisho wa mwezi wa kumi. Ngano inapashwa kupandwa katikati ya mwezi wa kumi na moja, la sivyo mavuno yanapungua. Mkulima alibaki na wiki mbili ao tatu za kuondoa mabua. Na mwisho wa mwezi wa kumi ndio wakati upepo unatulia katika nyanda za kaskazini mwa India, hewa ya baridi inakaa chini kama kifuniko. Moshi wa wiki mbili unakutana na vumbi, magari na viwanda vya Delhi, na hakuna fasi ya kwenda.

Mwezi wa kumi na moja 2016 shule za Delhi zilifungwa kwa siku kadhaa. Mwaka mmoja mbele, mwaka 2015, mahakama ya taifa ya mazingira ilikuwa imekwisha kukataza uchomaji katika majimbo ya Punjab, Haryana, Uttar Pradesh, Rajasthan na Delhi. Faini ziliandikwa. Mioto iliendelea. Mkulima mwenye hekta mbili akifanya hesabu, kiberiti ni karibu bure, faini pengine haitafika, lakini kukodi trakta mara mbili ao tatu ili kufukia mabua ni pesa halisi inayotoka mfukoni leo. Anayefaidika na hewa safi yuko Delhi. Anayelipa yuko kijijini.

Kuna dawa zilizopatikana. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Punjab na wenzao wa Australia walitengeneza mashine inayoitwa Happy Seeder, inayokata mabua na kupanda ngano chini yake kwa mara moja. Tangu mwaka 2018 serikali kuu inatoa ruzuku kwa mashine za namna hiyo. Na mwaka 2021 wizara ya nishati iliagiza mitambo ya umeme ya makaa ya mawe ichanganye asilimia 5 ya vidonge vya mabaki ya mimea. Maana yake, baada ya jikoni na shambani, mabua yanatumwa sasa ku bomba la kiwanda. Swali ni kama huko kutakuwa safi. Kwa hilo tuende Denmark, sababu wao walianza mbele.

Kituo cha tatu: bomba

Mwaka 1973, vita vya Mashariki ya Kati vilipandisha bei ya mafuta. Denmark ilikuwa inategemea mafuta ya nje kwa karibu asilimia 90 ya nishati yake. Mwezi wa kumi na moja mwaka ule serikali ilikataza watu kuendesha gari binafsi siku ya Mungu. Nchi tajiri, barabara tupu, watu kwa miguu. Wakati huo huo, wakulima wake walikuwa wanachoma mabua ya ngano na shayiri shambani kila mwisho wa mavuno. Wakaona: tunanunua moto kwa Waarabu, na wetu tunautupa.

Matanuru ya kwanza ya mashamba yalikuwa mabaya. Mkulima anafungua mlango, anasukuma mabua, anafunga. Moto unapanda, hewa haitoshi, moshi mzito unatoka, joto kubwa linapotea. Majirani walilalamika. Yaani Denmark ilianza fasi ile ile tunapokuwa sisi na jiko la mawe matatu, tofauti ni ukubwa tu. Kilichobadilisha mambo ni kazi ya kuchosha ya miaka: kituo cha utafiti cha Bygholm kilipima matanuru, wajenzi wakarekebisha njia za hewa, na baadaye ruzuku ya serikali ikafungwa na kipimo. Tanuru likishinda jaribio la ufanisi na moshi, mnunuzi anasaidiwa. Likishindwa, hapana.

Karibu mwaka 1980 vikaja viwanda vya kupasha joto miji midogo. Maji ya moto yanatoka kiwandani na kupita katika mabomba mpaka nyumba za watu. Hapo mabua yalipata mnunuzi wa kudumu. Na mnunuzi akawa mkali. Mabua yanabanwa katika marobota makubwa ya karibu kilo 500, yanahifadhiwa chini ya paa, na yakifika kiwandani yanapimwa uzito na unyevu. Yakiwa na unyevu wa kupita kiasi, robota linarudishwa kwa mwenyewe. Bei inafuata ubora. Mkulima hakuhitaji mahubiri juu ya mazingira. Alijua tu kwamba robota lililonyeshewa ni hasara.

Mwanzo wa miaka ya 1990 Denmark ikakataza kuchoma mabua shambani. Uingereza na Wales nao walikataza, kuanzia mavuno ya 1993. Mwaka huo huo wa 1993 vyama vya bunge la Denmark vilikubaliana kwamba mitambo mikubwa ya umeme itapashwa kutumia tani milioni 1.4 za mimea kwa mwaka kufikia 2000, na tani milioni 1.2 kati yake ziwe mabua. Muone mpangilio: soko na tanuru vilitangulia, katazo lilifuata. Katazo lilipofika, mkulima alikuwa tayari na fasi ya kupeleka mabua. Punjab ilifuata njia ya kinyume, katazo mbele ya soko, na tumeona matokeo.

Je, bomba la Denmark lilimaliza moshi? Hapana, lilipata shida mpya. Mabua yanavuta potasiamu na klorini kutoka udongoni. Katika moto mkali vitu hivi vinageuka mvuke, halafu vinakamata juu ya vyuma na kuvila. Majivu ya mabua yanaanza kulainika kwa joto dogo kuliko ya kuni, wakati mwingine chini ya nyuzi 900, na kuziba tanuru kama lami. Chembe za chumvi ya potasiamu ni ndogo sana, zinahitaji vichujio vya kitambaa ili zisitoke angani. Klorini inaweza kuzaa asidi na sumu za dioksini moto ukiwa mbaya. Vichujio vile vinagharimu pesa. Kiwanda kikubwa kinaweza kuvilipia, tanuru dogo la shamba ni vigumu.

Hapa agronomia ilisaidia kwa namna ambayo inanifurahisha. Wadenmark waligundua kwamba mabua "ya kijivu", yaani yale yaliyoachwa shambani yakanyeshewa kwanza halafu yakakauka tena, yanaharibu vyuma kidogo kuliko mabua "ya njano". Mvua inaosha chumvi. Katika vipimo vyao, klorini ilishuka kutoka karibu asilimia 0.75 mpaka 0.20, na potasiamu kutoka 1.18 mpaka 0.22. Mvua ile ambayo mkulima aliiogopa ilikuwa inasafisha mafuta ya kiwanda na kurudisha mbolea ya potasiamu ku udongo, bila mtu kulipa.

Udongo nao unadai

Kuna hesabu moja ambayo wahandisi wanaisahau na sisi hatuna ruhusa ya kuisahau. Tani moja ya mabua ya mpunga iko na karibu kilo 400 za kaboni, kilo 5 mpaka 8 za azoti, na kilo 12 mpaka 17 za potasiamu, wakati mwingine zaidi. Ukichoma shambani, karibu azoti yote inaenda na moshi na kaboni pia, lakini sehemu kubwa ya potasiamu inabaki ndani ya majivu. Ukichoma jikoni ao kiwandani, hata majivu yanaondoka, isipokuwa mtu ayarudishe. Denmark wanarudisha majivu ya chini ya tanuru shambani. Yale mepesi ya kichujio ni shida, sababu yanakusanya kadmiamu.

Kwa hiyo mabua hayajawahi kuwa "ya bure". Shamba linayalipia. Katika udongo uliochoka, wenye mboji kidogo, kuchukua mabua yote kila msimu ni kukopa kwa mtoto wako.

Na sisi?

Nimekaa juu ya Asia na Ulaya makusudi, lakini mnajua kwa nini naandika. Kwetu Kivu, Bukavu na Goma zinapika kwa makala, na sehemu ya makala ile inatoka katika misitu ya Kahuzi-Biega na Virunga. Wakati huo huo, katika bonde la Ruzizi, upande wa Luvungi na Sange, kunalimwa mpunga, na mpunga unaacha mabua. Mtu yeyote mwenye akili atafikiria kuunganisha mambo hayo mawili. Ni wazo zuri. Na siku moja mradi utafika na mashine ya kubana mabua, na mmoja wetu ataajiriwa kuisimamia, ataulizwa kusaini ripoti kwamba ni "nishati safi". Basi mbele ya kusaini, historia hii inatupa maswali ya kuuliza.

La kwanza: unyevu. Mabua yatakauka fasi gani wakati mavuno yanakutana na mvua, na nani atalipia paa? Mabua mabichi ni moshi, hata ndani ya jiko la kisasa.

La pili: moto. Je, jiko lenyewe limepimwa likiwa na mabua ndani, ao limepimwa kwa makala na kuni tu? Denmark walichukua miaka mingi ili kufikia tanuru la mabua lisilotoa moshi mwingi. Kibonge cha mabua katika mbabula ya makala hakitawaka kama makala kwa sababu tu tumekipa umbo la makala. Kama hakikugeuzwa makala kwanza, gesi zake zote bado ziko ndani, zinamungoja mama jikoni. Na kama kiligeuzwa makala, gesi zile zilitoka fasi fulani: ni nani anaishi karibu na tanuru lile?

La tatu: bei. Mkulima atapata kiasi gani kwa tani moja, na itafika kwake kweli? Ikiwa jibu ni "tutamuhamasisha", Punjab imekwisha kutuonyesha mwisho wake.

La nne: udongo. Ni sehemu gani ya mabua itabaki shambani, na majivu yatarudi kwa njia gani? Hapo ndipo diploma yetu inahitajika zaidi ya ya mhandisi.

La tano, lile ambalo linasahauliwa kabisa: moshi unahamia wapi? Ikiwa jikoni ni safi lakini kijiji cha pembeni kinakohoa, hatujamaliza kitu, tumebadilisha anwani tu.

Pengine tukijibu maswali hayo tutakuta kwamba sehemu moja ya mabua inafaa moto mkubwa uliojengwa vizuri, kama wa tofali ao wa kukausha mpunga, na sehemu kubwa inafaa kubaki ku udongo kama matandazo ao mboji. Inawezekana pia tutakuta hesabu haitoshi kwa nishati. Kusema hivyo katika ripoti si aibu kwa mtu wa agronomia. Wakulima wa bonde hawana muda wala udongo wa kujaribia mashine ambayo hatukuiuliza maswali.

Mavuno yanayofuata, anzeni na kazi ndogo: chukueni mzani, pimeni mabua ya ari moja, muandike ni mangapi yalichomwa, mangapi yalilishwa, mangapi yalibaki. Wale wanaotafuta mada ya memwari, hii hapa.